Je, Wajua? Bumu, Wanafunzi Hewa na Wenye Mikono Mirefu

Je, wajua kwamba Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu Tanzania iliundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004, ikaanza kazi Julai 2005? "Bumu", yaani posho inayotoka kwenye mkopo huo, ni neno la kila siku vyuoni, kutoka Mlimani hadi Dodoma. Bumu likiingia, kantini hujaa, madeni ya chumba hulipwa, na wauza simu nje ya geti huongeza bidhaa mezani. Likichelewa, nchi nzima husikia. Penye fedha inayosubiriwa na maelfu ya watu kwa siku moja, hakosekani anayetafuta njia ya kuichota kabla haijawafikia wenyewe.

Je, wajua bumu ni kiasi gani? Posho ya chakula na malazi ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku hadi 2022, serikali ilipoipandisha kuwa 10,000. Kwa siku 60, ndiyo ile 510,000 iliyogeuka kuwa 600,000. Sasa piga hesabu anayoipiga mwizi. Jina moja la mtu asiyekuwepo darasani, likilipwa mara nne kwa mwaka, ni shilingi 2,400,000. Majina kumi ni milioni 24. Hapo hakuna aliyevunja mlango wala kushika panga. Ni orodha tu iliyopita mezani, ikagongwa muhuri bila kusomwa.

Je, wajua kwamba mwanafunzi hewa mara nyingi alikuwa mwanafunzi kweli? Alidahiliwa, akapata mkopo, akasaini bumu la kwanza. Kisha akadisko, au akaahirisha mwaka kwa ugonjwa, au akahama chuo, au akafariki. Yeye ameondoka, jina limebaki. Utaratibu unakitaka chuo kiiarifu Bodi na kurudisha fedha iliyokwisha tumwa. Lakini kati ya siku matokeo yanapothibitishwa na siku taarifa inapofika Bodi, hupita muda, na muda huo ndio shamba la wajanja.

Anayeujua muda huo ni nani? Si mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetafuta bado ukumbi wa mhadhara uko wapi. Ni mtu wa ndani: anayeandaa orodha, anayekusanya saini, anayepeleka majina benki. Ndiyo maana sikubaliani hata kidogo na wanaolizungumzia suala hili kama tabia mbaya ya vijana. Mwanafunzi peke yake anaweza kudanganya kuhusu umaskini wake. Hawezi kujilipa akiwa hayupo.

Wajua kwamba mwaka 2016 neno "hewa" lilivuka kutoka kwa watumishi wa umma likaingia vyuoni? Serikali ya Rais John Magufuli ilikuwa inahakiki watumishi hewa. Aliyekuwa Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alisimamisha kazi baadhi ya vigogo wa Bodi mwanzoni mwa mwaka huo, na uhakiki wa wanafunzi wanufaika ukafuata chuo kwa chuo. Njia yenyewe haikuwa na utaalamu wowote wa ajabu. Jina linaitwa, mwenye jina anajitokeza na kitambulisho. Asipojitokeza, maswali yanaanza.

Je, wajua kwamba zamani saini ya bumu ilikuwa ni kalamu na karatasi ndefu? Foleni inaanzia dirisha la mhasibu inaishia kwenye mwembe, jua linachoma, karani amechoka, na kila mmoja anataka kuwahi. Katika hali hiyo rafiki kumsainia rafiki lilikuwa jambo la sekunde tatu. "Yuko kwao, bibi yake anaumwa." Wengi walifanya kwa nia njema. Tatizo ni kwamba mlango uliomsaidia mwenye bibi mgonjwa ndio huohuo aliopitia aliyesaini kwa niaba ya mtu aliyeacha chuo muhula uliopita. Siku hizi Bodi imehamia kwenye mfumo wa kidijitali unaotumia alama za vidole. Karatasi unaweza kumwachia mwenzako. Kidole utaenda nacho mwenyewe.

Je, wajua kwamba cheti cha kuzaliwa au cha kifo kinachoambatanishwa kwenye maombi ya mkopo lazima kwanza kihakikiwe na RITA, au na wakala wa usajili wa Zanzibar kwa waliosajiliwa huko? Kuna sababu. Yatima hupewa kipaumbele, na palipo na kipaumbele watu hutafuta sifa. Wapo waliowahi "kuwaua" wazazi wao kwa karatasi: baba yuko hai, asubuhi kanywa chai na chapati, huku mjini cheti cha kifo chake kina muhuri na saini. Kwa macho ya kawaida cheti kile hakina dosari. Kasoro yake ni moja tu, kwamba kwenye daftari la msajili hakipo. Uhakiki hauangalii uzuri wa muhuri, unaangalia daftari.

Kughushi, kwa taarifa tu, ni hadi miaka saba jela kwa Kanuni ya Adhabu ya Tanzania.

Je, wajua nani hasa hulinda fomu ya mkopo kabla haijafika Dar es Salaam? Ni mwenyekiti au mtendaji wa mtaa au kijiji anayesaini kwamba anamfahamu mwombaji, na kamishna wa viapo anayeshuhudia kiapo. Hapa nasema wazi: hiki ndicho kiungo kilichozembea kuliko vyote. Mtendaji anayewajua vizuri watu wake anaweza kuzuia uongo kwa kukataa tu kusaini, maana anajua nyumba ipi ina gari mbili na nyumba ipi wanakula mlo mmoja. Lakini mara ngapi muhuri umegongwa kwa "ya soda" bila hata kuuliza jina la baba? Na makamishna wa viapo nao, wale wanaoweka meza karibu na steshenari msimu wa maombi, wanapitisha fomu kama konda anavyokata tiketi.

Na steshenari yenyewe, je, waijua? Msimu wa maombi kijana wa mkoani hana kompyuta wala skana. Anakwenda kwa jamaa wa steshenari, anampa vyeti vyote, anamtajia namba ya mtihani wa kidato cha nne, namba ya NIDA ya mzazi, namba ya simu. Jamaa anamfungulia akaunti na kumtungia nywila. Nywila yenyewe huwa ni ileile kwa wateja wote, imeandikwa kwa kalamu ya rangi kwenye ukuta nyuma ya printa ili asiisahau. Kijana anaondoka na karatasi. Ufunguo wa mkopo wake umebaki ukutani. Wengi wa jamaa hawa ni watu waaminifu wanaotafuta riziki, na bila wao maelfu wasingeomba kabisa. Lakini yeyote anayeingia pale kutoa kopi anaweza kusoma ukuta. Ukifika nyumbani, badilisha nywila siku hiyohiyo, na hakikisha namba ya simu na akaunti ya benki zilizomo ni zako.

Je, wajua kwamba utapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" una binamu yake vyuoni? "Hongera, umechaguliwa kupata mkopo asilimia 100, tuma 50,000 ya kukamilisha faili." Mwingine anajiita afisa wa Bodi na anakuita kwa jina lako kamili, tena anakutajia kozi yako. Usishangae amelipata wapi: orodha za waliochaguliwa kujiunga na vyuo huwekwa hadharani kila mwaka. Malipo halali ya maombi hupita kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, hayaendi kwenye simu ya mtu. Hakuna ofisa anayeongeza asilimia za mkopo kwa simu. Ujumbe wa namna hiyo upeleke 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu Tanzania. Na kujua kama kuna laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako bila wewe kujua, bonyeza *106#.

Kuna pia vishoka wasiohitaji simu. Hukaa nje ya ofisi wakiwa na bahasha ya kaki na tai, wakisema wana "mtu wao ndani". Wakati mwingine hawana mtu yeyote. Wanapokea fedha kwa watu ishirini, wanasubiri awamu itangazwe, na watakaopata mkopo kwa haki yao watadhani kishoka ndiye aliyewasaidia. Waliokosa wataambiwa wangoje awamu ya pili.

Je, wajua kwamba wizi wa jina lako unaweza kukufikia kazini? Mkopo si ruzuku. Mnufaika akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara hadi deni liishe. Mtu akichukua mkopo kwa vyeti vyako, makato yanakuja kwako. Nafuu iliyopatikana ni kwamba Julai 2021 serikali ilifuta tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa. Kabla ya hapo deni lililokaa lilikuwa likinenepa lenyewe, liwe la haki au la wizi.

Je, wajua kwamba nchini Kenya mikopo ya elimu ya juu ni ya zamani kuliko uhuru? Mfuko wa kwanza ulianza 1952 kwa wanaokwenda kusoma ng'ambo, mpango wa wanafunzi wa vyuo vikuu ukaja 1974, na Bodi ya HELB ikaundwa kwa sheria ya 1995. Mfumo mpya wa 2023 uliwapanga wanafunzi kwa madaraja kulingana na uwezo wa kaya zao, na malalamiko yakamiminika: mtoto wa mama mboga anawekwa daraja la wenye nacho. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha Katiba, kisha Mahakama ya Rufaa ikaisimamisha hukumu hiyo. Sheria tuwaachie wanasheria. Kinachohusu safu hii ni kwamba kipimo chochote kinachotegemea maelezo ya mwombaji humpa mwongo hatua moja mbele, na humwadhibu anayejaza ukweli wote. Mkenya mwenye taarifa za rushwa hupiga simu ya bure ya Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, 1551.

Je, wajua kuhusu risiti ya Afrika Kusini? Hii nitaisimulia kwa kirefu, maana ina kila kitu ndani yake.

Nchi hiyo ina mfuko wake wa wanafunzi, NSFAS, uliowekwa kwa sheria ya 1999. Juni 2017, mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Walter Sisulu alitakiwa kuwekewa randi 1,400 za chakula na vitabu. Kampuni iliyokuwa ikisambaza fedha hizo ikamwekea randi milioni 14. Hakupiga simu kwa mtu. Kwa siku 73 alitumia zaidi ya randi 800,000, nguo, sherehe, simu, zawadi kwa marafiki, na katika siku zote hizo hakuna kompyuta iliyopiga kelele. Si ya chuo, si ya mfuko, si ya kampuni yenyewe.

Kilichomfichua ni karatasi ndogo ya dukani. Risiti ya supamaketi ilionyesha salio lake, randi milioni 13 na ushei, ikaangukia mikononi mwa watu, ikasambaa mitandaoni, na viongozi wa wanafunzi wakaibeba hoja. Mwaka 2022 mahakama ilimtia hatiani kwa wizi na kumhukumu miaka mitano. Baadaye rufaa ikamwondolea kifungo cha gerezani. Wapo waliomwonea huruma, wakisema kosa ni la kampuni. Kosa la kwanza, ndiyo. Lakini mtu aliyezoea kupokea 1,400 anajua milioni 14 si zake kabla hata hajamaliza kuhesabu sifuri. Kanuni ni ileile kwa bumu lililoingia mara mbili kwenye akaunti yako ya Temeke au Tunguu: fedha iliyokosewa si bahati. Iandikie ofisi ya mikopo, weka nakala, usiiguse.

Je, wajua kwamba huko Marekani matajiri waliwahi kuwakana watoto wao mahakamani ili wapate msaada wa masikini? Mwaka 2019 waandishi wa habari walifichua kwamba katika kaunti ya Lake, eneo la wenye nacho kaskazini ya Chicago, wazazi walikuwa wakikabidhi ulezi wa watoto wao kwa rafiki au shangazi, mtoto akiwa amebakiza miezi tu kutimiza miaka 18. Jaji anasaini. Kuanzia hapo, kwenye fomu ya msaada, mtoto hana wazazi, kipato kinachohesabiwa ni chake mwenyewe, vibarua vya likizo. Wakati huohuo anaendelea kulala kwenye chumba chake kilekile cha nyumba ya ghorofa mbili. Kesi zaidi ya 40 za namna hiyo zilihesabiwa katika kaunti hiyo kwa takriban mwaka mmoja na nusu.

Ilijulikanaje? Mshauri wa wanafunzi wa shule moja ya sekondari alipiga simu Chuo Kikuu cha Illinois kuuliza kwa nini mwanafunzi wake, ambaye alijua kabisa kwao si masikini, amealikwa kwenye semina ya wanafunzi wa kipato cha chini. Basi. Simu moja. Chuo kikaanza kupekua mafaili, kikakuta mengine yanayofanana, kikawapunguzia waliobainika fedha zinazotoka kwenye mfuko wake. Kila karatasi iliyowasilishwa ilikuwa halali na imesainiwa na jaji. Hakuna mashine ya kukagua nyaraka ambayo ingeikataa. Ilimhitaji mtu anayemfahamu yule kijana na kwao.

Wajua kwamba sheria mama ya msaada huo, ya mwaka 1965, Rais Lyndon Johnson aliisainia katika chuo alichosoma mwenyewe huko San Marcos, Texas? Na wajua kwamba fomu ya kuombea msaada wa serikali kuu kule inamwonya mwombaji kuwa uongo wa makusudi ni faini ya hadi dola 20,000, au jela, au vyote viwili? Lakini kipengele ninachokipenda zaidi hakimhusu mwanafunzi kabisa. Kanuni inakilazimisha chuo, kikipata taarifa za kuaminika kwamba mwombaji au hata mfanyakazi wake amefanya udanganyifu, kuzipeleka kwa Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Elimu. Si hiari. Chuo hakiruhusiwi kuyamaliza nyumbani ili jina lisichafuke. Wakuu wetu wa vyuo, wenye kupenda kuunda kamati ya ndani na kumhamisha karani idara nyingine, wangeisoma kanuni hii polepole.

Je, wajua kuhusu madarasa yaliyojaa watu wasiokuwepo? Vyuo vya jamii vya California, vyenye ada ndogo na mlango wazi kwa kila mtu, vilipohamia mtandaoni wakati wa Korona vilivamiwa. Mwaka 2021 maombi ya msaada kama 65,000 yalishukiwa kuwa bandia. Kufikia Januari 2024 makadirio yalikuwa kwamba mwombaji mmoja kati ya wanne katika vyuo hivyo si mtu wa kweli. Programu za kompyuta hujaza fomu kwa majina yaliyoibwa, hujiandikisha darasa la mtandaoni, huandika sentensi mbili za kujitambulisha, na kusubiri fedha itoke. Ikitoka, mwanafunzi anayeyuka.

Ubaya haukuishia kwenye fedha. Darasa lenye nafasi chache likijazwa na hewa, binti wa kweli anayehitaji somo hilo ili ahitimu huambiwa limejaa. Walimu ndio waliokuwa wa kwanza kushtuka: wanafunzi wengi kupita kiasi, utambulisho unaofanana neno kwa neno, barua pepe zisizojibiwa. Baadhi walianza kuwaita wanafunzi kwa video mmoja mmoja wiki ya kwanza. Juni 2025 Wizara ya Elimu ya Marekani nayo iliagiza vyuo vihakiki kitambulisho, ana kwa ana au kwa video, kwa waombaji wapya wapatao 125,000 waliotiliwa shaka. Yaani teknolojia yote ile, na dawa iliyopatikana ni ileile ya mwaka 2016 kwetu: jina linaitwa, mwenye jina anajitokeza.

Uingereza nako? Ripoti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Januari 2024 ilisema kwamba asilimia 53 ya udanganyifu wa pauni milioni 4.1 uliogunduliwa kwenye mikopo ya wanafunzi mwaka 2022/23 ulitoka kwenye vyuo vidogo vinavyofundisha kwa jina la chuo kikuu kingine. Chuo kikubwa kinatoa jina, kidogo kinaleta wanafunzi, na kila kichwa kina ada yake. Pale ambapo mlango unalipwa kwa idadi ya wanaoingia, bawabu hafungi.

Hilo Wamarekani walilijua mapema. Tangu 1992 sheria yao inakataza kuwalipa waajiriwa wa udahili kwa idadi ya wanafunzi waliowaandikisha. Mwaka 2003 wafanyakazi wawili wa udahili waliishtaki University of Phoenix wakidai inavunja katazo hilo. Desemba 2009 chuo kilikubali kulipa dola milioni 67.5 kumaliza shauri, bila kukiri kosa, na watoa taarifa wale wawili wakagawana dola milioni 19. Sheria waliyoitumia, je, wajua ina umri gani? Ni ya 1863. Ilipitishwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, enzi za Abraham Lincoln, wakati wazabuni walipokuwa wakiliuzia jeshi baruti iliyochanganywa na vumbi la mbao. Inamruhusu raia kushtaki kwa niaba ya serikali na kupata kati ya asilimia 15 na 30 ya kinachorudishwa.

Na sisi je? Tanzania ina sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi ya mwaka 2015, na ndani yake mna nafasi ya zawadi kwa mtoa taarifa na fidia kwa aliyedhurika. Wanafunzi wengi, na baadhi ya wahadhiri, hawajawahi kuisikia. Ina sharti moja la kuzingatia: ulinzi ni kwa aliyepeleka taarifa kwenye mamlaka husika kwa nia njema. Aliyeandika "jamani fulani wa ofisi ya mikopo ni mwizi" kwenye kundi la WhatsApp la darasa hajatoa taarifa. Amemwamsha mtuhumiwa akafute mafaili, na amejitafutia kesi ya kuchafua jina la mtu.

Je, wajua taarifa nzuri inafananaje? Ni fupi na ina vitu vya kushikika. Jina la kozi na mwaka wa masomo. Tarehe. Kiasi. Nani alisema nini, na mbele ya nani. Picha ya ujumbe wenye namba ya mtumaji ikionekana. "Pale kuna mchezo" haifanyiwi kazi na mtu. "Tarehe fulani, dirisha la pili, jina la mwenzetu aliyeacha chuo Machi liliitwa na likawekwa tiki" itafanyiwa kazi kesho yake. Usimfuatilie mtuhumiwa, usiingie kwenye kompyuta ya ofisi kutafuta ushahidi, maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haitakuuliza nia yako ilikuwa nini. Ulichokiona kwa macho yako kinatosha.

Pa kuanzia ni dawati la mikopo la chuo, isipokuwa kama harufu inatokea palepale. Ikiwa hivyo, ruka: nenda kwa mkaguzi wa ndani wa chuo, au ofisi ya Bodi ya kanda, au TAKUKURU. Serikali ya wanafunzi inaweza kukusindikiza, na mara nyingi inasaidia, ila nayo ina wagombea, kambi na marafiki. Usiiachie nyaraka zako za pekee.

Na kama aliyedanganya ni wewe? Ulijaza kwamba mzazi amefariki naye yuko hai, au ulificha kwamba mwajiri wa baba anakulipia ada. Nenda mwenyewe ukaeleze kabla hujaitwa. Sikuahidi msamaha, sina uwezo huo, lakini anayekwenda kwa miguu yake husikilizwa tofauti na anayeletwa.

Simu ya TAKUKURU ni 113. Huhitaji salio, huhitaji kuwa mnufaika wa mkopo, na si lazima uwe na uhakika wa kila kitu. Kazi ya kuhakikisha ni yao.